Sura Zisizohubiriwa

Mti wa muhugu ukichomwa hunukia vizuri. Ndiyo maana majirani walitoka nje siku ile mume wangu alipochoma tembo. Mpangaji wa juu alichungulia akaniuliza ni nani anayefukiza ubani, nikamjibu ni Baba Ndunge, anafukuza shetani. Nilisema kwa utani, kisha nikageuza uso.

Hakuchoma tembo peke yake. Alichoma twiga, vifaru, simba waliolala na simba waliosimama, na yule mama mwenye mzigo wa kuni ambaye mteja wa Mombasa Road alikuwa ameshamwulizia mara mbili. Mwisho alileta tezo za kuchongea alizoachiwa na baba yake. Mipini ya tezo hizo ilikuwa imebonyea kwa viganja vya wanaume wawili, vya mzee na vyake. Nilimwomba aziache hizo. Akasema, "Mama Ndunge, chombo kilichotenda dhambi ni cha dhambi." Akazitia motoni, akasimama pale mpaka vyuma vikawa vyekundu.

Mume wangu anaitwa Kyule. Ni mchongaji, na baba yake alikuwa mchongaji kule kwetu Ukambani. Tunaishi Komarock, vyumba viwili vya nyuma, na banda alilokuwa akichongea na wenzake liko kando ya Kangundo Road. Kazi yetu ilikuwa ya wawili. Mwanamume anachonga, mwanamke anapiga msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka mnyama ang'ae. Nimepiga msasa tangu nilipoolewa. Nilipokwenda kufanyiwa kitambulisho kipya, kijana wa pale alikibonyeza kidole changu kwenye wino, akakitazama, akakibonyeza tena. Nikamwambia, usijisumbue mwanangu, alama zangu zilibaki kwa tembo.

Basi moto ule ulianzia kanisani. Kanisa letu ni la mabati, na Pasta Mbugua, kijana mwenye bidii na sauti nzuri, alikuwa akitufundisha Amri Kumi, kila Jumapili amri moja. Alipofika kwenye ile inayokataza sanamu ya kuchonga, alisema kwamba hivi vinyago tunavyovipanga sebuleni juu ya televisheni ni madhabahu ambazo hatukuambiwa kwamba ni madhabahu. Watu wakaitika amina. Hakututazama. Nafikiri hata hakukumbuka tunafanya kazi gani. Lakini Kyule, aliyekuwa amekaa kando yangu na mikono juu ya magoti, aliichukua ile mikono akaikalia. Nilimwona. Aliikalia mpaka ibada ikaisha.

Sasa wewe unayesoma utasema, mwanamke, si ungemkataza? Ngoja nikueleze aliyenioa ni mtu gani.

Zamani Kyule alikuwa mlevi. Sio mlevi wa sikukuu, mlevi wa kulala mtaroni. Ndunge akiwa bado mgongoni, siku moja tulikuwa matangani, na mhubiri mmoja akasema jambo kutoka kitabu cha Mithali juu ya pombe na namna inavyomfanya mtu kichekesho. Kyule alikuwa ananuka chang'aa hata wakati ule. Alimfuata yule mhubiri akamwuliza, "Hiyo imeandikwa wapi?" Akaonyeshwa. Akaisoma mwenyewe, kidole kikitembea chini ya maneno. Akarudi nyumbani akamwaga chupa yake kwenye choo, na hajaonja tena. Miaka ikapita, akasoma mahali panaposema mtu apatane kwanza na ndugu yake ndipo alete sadaka. Ndugu yake alikuwa amemdhulumu shamba. Kyule akapanda gari kwenda Machakos kupatana na mtu aliyemdhulumu. Kwake, Neno ni neno. Halina lakini. Na mimi nimekula katika imani hiyo, nimevaa katika imani hiyo, nimelala usingizi bila kupigwa kwa sababu ya imani hiyo.

Ningemkatazaje? Ningemwambia, hii aya sio lazima uifuate? Na kesho akiuliza, na ile ya pombe?

Baada ya ule moto alipata kazi ya mjengo huko Kware, wanakojenga maghorofa yanayogusana mabega. Kubeba mawe, kukoroga zege. Simiti ikamla mikono ikapasuka kama ardhi ya kwetu wakati wa kiangazi. Mimi nikaanza kufua nguo za watu Buruburu, kwa mama mmoja mwalimu mstaafu na kwa majirani zake. Kazi sio ubaya. Kilichoniumiza ni kimya. Kyule akichonga huzungumza na mti, huugombeza, huubembeleza. Sasa alikuwa anakula, anakaa, anaangalia vidole vyake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa naungojea huo mshindo.

Jioni moja akarudi ananuka pombe. Nilimsogelea nikamnusa mdomo waziwazi, bila aibu, Ndunge akiangalia.

"Sikunywa," akasema. "Nilikaa na hao vijana wa mjengo wakinywa."

"Ulikaa kufanya nini?"

"Kukaa tu. Huko watu wanaongea."

Nilikwenda jikoni nikalia juu ya kitunguu ili mtoto asijue ninalia nini.

Kaka yangu Mwanzia, dereva wa lori, alipita kutusalimia wiki ile akanikuta peke yangu. Mwanzia haendi kanisani ila kwa harusi, na hata harusini husimama nje. Nilimweleza yote. Akacheka, kisha akaona sicheki.

"Sasa si umwambie tu ukweli, Wayua? Hiyo kitabu iliandikwa na wazee. Mungu hakushuka na biro."

"Usiseme hivyo nyumbani kwangu."

"Sawa. Basi aache hiyo amri moja tu. Hizo zingine si atabaki nazo? Hakuna msee hufuata zote."

Nakiri maneno yale yalinivutia. Amri moja tu. Lakini nimewahi kuona sweta iliyovutwa uzi mmoja. Nilimfikiria Kyule akitembea Kware jioni, mlango wa pombe uko wazi, na ndani yake uzi umeshavutwa. Nikampa Mwanzia chai nikambadilishia mazungumzo.

Nikaenda kwa Pasta. Nilikwenda na hasira yangu nimeifunga vizuri kama mzigo wa sokoni. Nikamkuta anapanga viti. Nikamwambia ana kwa ana, "Pasta, mahubiri yako yamemfanya mume wangu achome kazi yake."

Alikaa kwenye kiti alichokuwa ameshika. "Mama Ndunge, mimi nilikuwa naongea juu ya kuabudu. Sikujua Baba Ndunge ni mchongaji. Haki sikujua."

"Sasa umejua. Njoo umwambie."

Alikuwa anatazama viatu vyake, na viatu vyenyewe vilikuwa vimeisha upande.

"Nikimwambia hapo nilikosea," akasema, "na mengine niliyomfundisha ataniamini? Yule mzee anashika kila kitu. Naogopa, Mama."

Nilikuwa nimekuja kumchukia, nikashindwa. Alikuwa na woga wangu mimi, umevaa kola. Nilimsaidia kupanga viti vilivyobaki nikaenda zangu.

Baada ya siku ile niliiweka Biblia juu ya kabati. Sikujiambia kwamba nimeacha kuisoma. Nilijiambia nimechoka. Ukweli ni kwamba niliogopa kuifungua, kwa maana kama mchongaji amehukumiwa, mpiga msasa je? Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nawang'arisha. Mama yangu alinilea na Kitabu hicho. Alikuwa akikipangusa kabla ya kupangusa meza. Kuogopa kitu ulicholelewa nacho ni ugonjwa ambao hauna hospitali.

Ilikuwa ni hasira iliyonirudisha, sio utakatifu. Siku moja nilikuwa Buruburu, nguo ziko kwenye kamba, nimekaa kwenye ngazi ya jikoni kwa mwalimu nikingoja zikauke, na nikajisemea: kama nimeshitakiwa, nataka kusikia kesi yote. Nilikuwa nimeibeba Biblia kwenye mfuko pamoja na sabuni. Nikafungua kitabu cha Kutoka mahali pale pale Pasta alipoishia, nikaendelea mbele.

Mbele ya Amri Kumi hakuna mtu anayehubiri. Kuna ng'ombe anayepiga pembe. Kuna punda aliyeanguka na mzigo. Kisha mapazia, pete, vitanzi, misumari, mpaka macho yanafunga. Nilisoma kwa ukaidi. Na katikati ya mapazia hayo nikakuta Mungu yule yule anaagiza makerubi wawili wa dhahabu watengenezwe kwa kufuliwa, wenye mabawa, wawekwe mahali patakatifu kuliko pote. Nikarudi nyuma kuangalia kama nimebadilisha kitabu. Sikuwa nimebadilisha.

Nikaendelea. Kwenye sura ya thelathini na moja nikamkuta fundi. Bezaleli. Mungu anasema amemwita kwa jina lake, amemjaza roho yake, apate hekima ya kazi ya dhahabu na fedha na mawe, na ya kuchonga mti. Mti. Nilisimama pale kwenye ngazi, Biblia mikononi, nikasema, "Mbona hamkutuambia?" Sijui nilikuwa namwambia nani. Mbwa wa mwalimu alinyanyua kichwa.

Furaha yangu ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Niligeuza ukurasa. Sura inayofuata ni ile ya ndama. Haruni anakusanya pete za watu, anashika chombo cha kuchongea, anatengeneza ndama, watu wanamwinamia, na siku hiyo wanakufa watu wengi. Yaani Mungu hajamaliza kumsifu fundi, fundi mwingine anaharibu. Nilifunga Kitabu nikaanua nguo kabla hazijakauka.

Kumwambia Kyule moja kwa moja sikuweza. Ningeanza kumwonyesha aya, angesema natafuta aya za tumbo langu, na labda ingekuwa kweli. Lakini kwa mama yangu kulikuwa na desturi, nayo nilikuja nayo nilipoolewa, ingawa tulikuwa tumeilegeza: kila jioni sura moja, baba wa nyumba anasoma, na hakuna kuruka sura, hata ile yenye majina ya kuvunja ulimi. Mama alikuwa akisema, ukiruka umejiandikia Biblia yako. Nikamwambia Kyule turudishe desturi hiyo. Akakubali bila kuinua macho. Akauliza tuanzie wapi. Nikasema, Kutoka ishirini.

Alinitazama. "Kwa Amri?"

"Hapo ndipo kanisa lilipofika."

Jioni ya kwanza aliisoma ile amri kama mtu anayesomewa hukumu yake mwenyewe. Ndunge, ambaye yuko sekondari na ana mdomo kama wangu, alitulia. Jioni zilizofuata tulisoma ng'ombe na punda. Tukasoma sheria ya mwizi. Kyule alisoma kila kitu kwa sauti ile ile, bila kuruka hata ile sheria ya shimo lisilofunikwa.

Tulipofika kwa makerubi, alisimama katikati ya sentensi.

"Baba," Ndunge akasema, "si hizo ni sanamu?"

"Mungu ana ruhusa yake," Kyule akajibu, akafunga Biblia.

Kesho yake akasema kichwa kinamuuma. Keshokutwa akachelewa kurudi kutoka mjengo, na nilikaa mlangoni nikisikiliza hatua zake kama nilivyokuwa nikisikiliza zamani, nijue zimenyooka au zinapinda. Zilikuwa zimenyooka. Lakini bado nilimnusa. Nilijilaumu. Nilisema moyoni, Wayua, umeuchokoza mzinga na huna moshi.

Kisha jioni moja, bila mtu kumwambia kitu, akanawa mikono, akaikausha vizuri, akaishusha Biblia mwenyewe. Tukaendelea, jioni baada ya jioni, vazi la kuhani, mafuta, uvumba. Hata tukafika kwa Bezaleli.

Alisoma lile jina polepole. Alisoma habari ya roho na hekima. Alipofika kwenye mti, kidole chake kikasimama. Kidole kilikuwa kimepasuka kwa simiti. Akairudia ile sentensi toka mwanzo, si kwa sauti yake ya kusoma bali kwa sauti yake ya bandani, ile ya kuubembeleza mti. Nilikuwa sijaisikia tangu moto.

Kisha akaniuliza, "Basi mimi nilichoma nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha. Nilikuwa nimekwisha kuiona sura yake ikichanua, na mimi nikijifanya sishangai. Badala yake mume wangu aliinamisha kichwa juu ya meza na kulia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya mtoto wake. "Tezo za baba," akawa anasema. "Tezo za baba." Ndunge alimwekea mkono mgongoni. Mimi nilikaa tu. Niliona kwamba ukweli nao hukuta vitu vimeshaungua.

Jioni iliyofuata ilikuwa zamu ya ndama.

Siku nzima nilikuwa nimefua nikiwaza. Jana alikuwa amelia, leo asubuhi alikuwa ameniambia, "Leo nitapita bandani niwasalimie wenzangu." Kusalimia tu, lakini kwangu lilikuwa jambo kubwa. Na sasa jioni ile nimpe ndama? Nimpe chombo cha kuchongea mkononi mwa Haruni na maiti zimelala kambini? Chakula kilipokwisha nikasema, "Leo tusome Zaburi. Tumechoka na jangwa."

"Lakini Mama," Ndunge akasema, "si ulisema haturuki?"

Kyule akanigeukia. "Mbele kuna nini?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nilikuwa nimekaa na mtu ambaye angeniamini.

"Kuna ndama," nikasema.

Akafungua akasoma. Alisoma pete zilivyovunjwa masikioni. Alisoma chombo cha kuchongea, na sauti ikashuka lakini haikukatika. Alisoma Musa aliposhuka na hasira zake. Kisha akafika pale Haruni anapoulizwa amefanya nini, naye anajitetea kwamba yeye alitupa tu dhahabu motoni, na huyo ndama akatoka.

Kyule akaacha kusoma. Akairudia. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia tena, kumbe anacheka.

"Akatoka," akasema. "Mwenyewe, na miguu minne." Alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mtu ni mwongo. Mimi nimetia motoni wanyama wa banda zima, na hakuna hata mmoja aliyetoka."

Tukacheka wote watatu. Kilikuwa kicheko kibaya kidogo, cha watu wa matangani. Kisha akaendelea mpaka mwisho, na mwisho wake sio wa kuchekesha, na hakuna aliyesema amina kwa haraka.

Ndunge alipokwenda kulala, Kyule aliniuliza, "Ulikuwa umesoma mbele?"

"Ndiyo."

"Ulitaka niishie jana."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, bila ukali. "Pasta aliishia ishirini. Wewe ulitaka kuishia thelathini na moja."

Nilimtetea Pasta moyoni siku ile kuliko siku zote. Niliona aibu, nayo ilikuwa haki yangu. Miezi yote nilikuwa nimedhani kwamba mimi nina kesi na mtu aliyekata Neno mahali panapomfaa.

Mjengo hajaacha. Lakini Jumamosi iliyofuata aliazima tezo kwa rafiki yake Ngui pale bandani, akakaa na kipande cha mti mpaka saa za chakula. Alirudi na mwiko. Mwiko wa ugali, wa kawaida, na haukuwa mzuri. Mikono ya simiti ilikuwa imeusahau mti, mpini ulikuwa mnene upande mmoja. Alinipa bila kunitazama.

"Na wanyama?" nikauliza.

"Wanyama naogopa," akasema. "Mikono ya Bezaleli ilichonga, na ya Haruni ilichonga pia. Sijui mimi nina ipi."

Aya nilikuwa nazo. Nilikuwa nazo nyingi siku hizo, nilikuwa nazo mpaka kwenye mfuko wa sabuni. Niliziacha huko. Nilichukua kipande cha msasa, nikakaa karibu yake mlangoni, nikaanza kuulainisha ule mpini upande wake mnene. Sikumwambia asiogope. Na mimi nilikuwa naogopa, tukaogopa pamoja, na kazi ikaendelea.